Ncha Iko Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Katheta Ndani ya MRI

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba kuna madaktari wanaopitisha katheta (mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa) mpaka kwenye moyo, mgonjwa akiwa ndani ya MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku na mawimbi ya redio) badala ya chini ya eksirei, basi maswali yakamiminika kuliko nilivyotegemea. Nimechukua sita. Kumbukeni mimi ni fundi wa mashine za picha, sio daktari, kwahiyo mambo ya mgonjwa mmoja mmoja mumuulize anayemtibu.

Habari fundi. Binti yangu ana miaka tisa, alizaliwa na tatizo la moyo na kila baada ya muda anapitishwa mrija kupimwa presha ndani ya moyo. Safari hii daktari kasema watamfanyia kwenye MRI. Sasa najiuliza, ule mrija si plastiki jamani, na MRI inaona nyama, watauonaje? Wasije wakapotea nao huko ndani. (Mama mwenye wasiwasi)

Salama mama, na pole kwa kuuguza. Hilo ulilouliza ndio lenyewe, watu na digrii zao wamelihangaikia zaidi ya miaka 30. Kwenye eksirei mrija hausumbui kwa sababu unachanganywa na vitu vinavyozuia miale, unaonekana mstari mzima toka kinenani mpaka moyoni, hata ukijikunja daktari anauona. MRI haifanyi kazi hivyo. Yenyewe inasikiliza haidrojeni, na haidrojeni ya mwilini nyingi iko kwenye maji na mafuta, ndio maana damu inang'aa na kuta za moyo zinaonekana vizuri ajabu, lakini plastiki iko kimya, haitoi mlio wowote ambao mashine inaweza kuunasa.

Halafu kuna suala la unene. Katheta ya moyo inayoitwa namba 6 ina unene wa milimita 2 tu (namba 3 ni sawa na milimita 1, ndio hesabu yao), na picha ya MRI inachukuliwa kipande kipande kama gogo linavyopasuliwa mbao, kipande kimoja kinaweza kuwa na unene wa milimita 6 mpaka 10. Kwahiyo mrija mwembamba mweusi umezama ndani ya ubao mnene wa damu inayong'aa, unafifia. Na ukipinda kidogo tu ukatoka nje ya ule ubao, basi kwenye picha haupo tena. Daktari anabaki anasukuma kitu asichokiona, na hapo ndipo hofu yako ina maana.

Njia inayotumika sana kwa vipimo kama vya binti yako ni puto. Kwenye ncha ya katheta kuna kiputo kidogo, kinajazwa ama hewa ya kaboni dayoksaidi, kikaonekana kama goroli jeusi ndani ya damu nyeupe, ama dawa ya gadoliniamu (dawa ya kung'arisha picha za MRI) iliyozimuliwa sana, hapo kinakuwa taa nyeupe na mashine inasetiwa ififishe damu ya pembeni ili taa ionekane. Kwanini kaboni dayoksaidi na sio hewa tu ya chumbani? Kwasababu puto likipasuka ile gesi inayeyuka kwenye damu haraka. Na puto lina faida nyingine nzuri, linaelea, damu yenyewe inalibeba kutoka chemba moja kwenda nyingine mpaka kwenye mshipa wa mapafu, kwahiyo daktari hasukumi kibabe.

Kwanini wahangaike yote haya? Kwa mtoto anayerudi rudi, kila safari ya eksirei inamwongezea mionzi, na MRI haina mionzi ya aina hiyo. Lakini mimi naona faida kubwa zaidi iko kwingine. Katheta inapima presha, na MRI muda huohuo inapima damu inapita kiasi gani kwa dakika, ukichukua tofauti ya presha ukaigawa kwa mtiririko unapata ugumu wa mishipa ya mapafu, na hiyo namba ndiyo inayowasaidia madaktari kuamua kama mtoto afanyiwe upasuaji au asubiri. Timu ya Reza Razavi ya London ilishachapisha matokeo yao kwenye jarida la Lancet mwaka 2003, kwa watoto na watu wazima waliozaliwa na matatizo ya moyo kama binti yako. Kwahiyo sio kitu kilichobuniwa jana.

Mkuu nasoma fizikia mwaka wa tatu. Nimesikia kuna katheta zenye koili ndogo kwenye ncha ambazo mashine inajua ziko wapi bila hata kupiga picha. Inawezekanaje kujua mahali bila picha? (Mwanafizikia)

Hapa nitakaa kidogo, wasio na hamu na hesabu waruke swali linalofuata.

Anza na namba moja tu, 42.58. Haidrojeni ikiwa ndani ya sumaku ya tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inaitika kwa megahezi 42.58, yaani mitetemo milioni 42.58 kwa sekunde, ukiiweka kwenye tesla 1.5 inaitika karibu na megahezi 64. Yaani nguvu ya sumaku inaamua sauti. Sasa mashine ina sumaku za ziada zinazoitwa gradienti, kazi yake ni kufanya nguvu ipande kidogo kidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tuseme gradienti ni militesla 10 kwa mita. Piga hesabu, kila milimita moja unayosogea, sauti inabadilika kwa hezi 426 hivi. Umeshaona inakokwenda? Ukisikia sauti imepanda kwa hezi 12,780 unajua uko milimita 30 kutoka katikati, huna haja ya picha yoyote.

Kilichobaki ni kuhakikisha anayesikiliza anasikia sehemu moja tu. Koili kubwa za kawaida (nyaya zilizozungushwa zinazopokea mlio) zinasikia mwili mzima, makelele ya sokoni. Ile koili ndogo ya kwenye ncha inasikia damu iliyoigusa tu, milimita chache kuizunguka, kwahiyo inachopokea ni mlio mmoja mwembamba, kwenye grafu unaona kilele kimoja kimesimama. Washa gradienti ya kulia na kushoto, soma kilele. Ya mbele na nyuma, soma. Ya kichwani na miguuni, soma. Mara tatu umepata pointi kwenye chumba. Charles Dumoulin na wenzake walichapisha njia hii 1993 na mpaka leo ndio msingi wa kazi zote za namna hii.

Ila kuna mchezo mchafu. Sumaku kubwa haiko sawasawa kila mahali, na mwili wenyewe unaivuruga, mapafu yana hewa, mifupa iko hapa, kwahiyo sauti inaweza kuhama kidogo hata kabla hujawasha gradienti, na wewe utadhani ni ncha imehama. Una vitu vinne usivyovijua sasa, mahali kwa pande tatu na lile kosa. Vitu vinne vinataka vipimo vinne, hiyo unaijua toka sekondari. Wanachofanya wanawasha gradienti zote tatu kwa pamoja mara nne, kila mara wanabadilisha alama, hii chanya hizi hasi, safari nyingine hizi chanya hii hasi, wamepanga hivi kwamba ukijumlisha vipimo vyote vinne mahali panajifuta panabaki kosa peke yake, na ukijumlisha na kutoa kwa mpangilio mwingine kosa ndilo linajifuta. Kaa na karatasi ujaribu mwenyewe, ni hesabu tamu kweli.

Kila kipimo kikichukua milisekunde 5 mpaka 10, vinne ni 20 mpaka 40, maana yake unaijua ncha mara 25 mpaka 50 kwa sekunde, kasi ambayo picha nzima ya MRI haiipati kirahisi. Weka koili mbili badala ya moja unajua na ncha imeelekea wapi. Na kwakuwa mashine inajua ncha ilipo, unaweza kuiambia picha inayofuata ipigwe hapohapo kwenye ncha, yaani ule ubao unaifuata katheta badala ya katheta kuutoroka.

Tahadhari moja ambayo vitabuni haisisitizwi vya kutosha. Kile kidoti kwenye skrini ni cha sasa hivi, lakini mara nyingi kinachorwa juu ya picha ya moyo iliyopigwa dakika kadhaa zilizopita kama ramani, na mgonjwa anapumua, moyo unapanda na kushuka. Kidoti kinasema kweli, ramani ndio imeshapitwa na wakati. Nimeona mtu mzoefu kabisa akishangaa katheta "imetoboa" ukuta wa moyo kwenye skrini wakati mgonjwa yuko salama salmini, kavuta pumzi tu.

Fundi mwenzangu heshima kwako. Mimi ni wa vifaa vya hospitali. Kwanini tusitumie tu nyaya za kawaida za kuongozea katheta? Nyingi ni nitinoli, sumaku haizivuti. Watu wanakataa tu bila kueleza. (Fundi wa vifaa)

Heshima kwako pia mwenzangu. Ni kweli nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titaniamu) haivutwi, ila kuvutwa sio hatari pekee, na kwa maoni yangu watu wameogopeshwa sana na chuma kinachoruka mpaka wakasahau kitu kinachounguza kimyakimya.

MRI inarusha mawimbi ya redio. Kwenye tesla 1.5 ni megahezi 64, hewani wimbi hilo lina urefu wa karibu mita 4.7, lakini ndani ya mwili, kwakuwa umejaa maji, linafupika mpaka kama nusu mita. Na wewe unajua antena inapenda nini, inapenda nusu wimbi. Yaani waya wenye sentimita 25 hivi ndani ya mwili unakaa vizuri kabisa kupokea nguvu ya redio, mkondo unazunguka ndani yake, ukifika kwenye ncha hauna pa kwenda na joto lote linamwagikia hapo, kwenye kile kimilimita kinachogusa ukuta wa mshipa. Na waya wa kuongozea hauna urefu mmoja, unaingizwa kidogo kidogo, kwahiyo unaweza kuupima sentimita 10 ukaona uko salama, unausogeza mbele ukaingia kwenye urefu mbaya. Pia kuuhamisha pembeni ya mashine au katikati kunabadilisha kila kitu. Ndio maana mtu akikuambia "tuliujaribu haukupata moto" muulize aliujaribu kwenye urefu gani, mahali gani, na kipimajoto aliweka wapi.

Na zile katheta zenye koili nilizozisifia hapo juu zina tatizo hilohilo, maana lazima kuwe na waya mrefu wa kutoa ishara ya koili nje. Tumetaka kuona ncha, tukaingiza antena. Wahandisi wameukatakata ule waya kwa transfoma ndogondogo ili pasiwe na kipande kirefu cha kutosha kuunguza, wengine wanaweka vizuizi vya mkondo, wengine wanageuza ishara kuwa mwanga na kuitoa kwa nyuzi za kioo ambazo hazina habari na redio kabisa. Zote zinafanya kazi, ila kila moja inakula kitu, ama ishara inapungua ama katheta inanenepa au inakuwa ngumu, na katheta ngumu haipindi kwenye kona.

Nyaya za plastiki na nyuzi za kioo zisizopitisha umeme zipo pia. Daktari aliyezoea chuma atakulalamikia kwamba hazina mgongo, hazisukumiki, na hakosei.

Njia ambayo mimi binafsi naipenda ni kupunguza sumaku. Pale NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, timu ya Adrienne Campbell-Washburn ilichukua mashine ya tesla 1.5 ikaishusha mpaka 0.55 huku vifaa vingine vikibaki vya kisasa, wakachapisha 2019. Kwenye 0.55 sauti ni megahezi 23 hivi, wimbi linarefuka ndani ya mwili, na nguvu ya redio inayohitajika inashuka kwa mraba, yaani zaidi ya mara 7. Waliweza kutumia baadhi ya nyaya za chuma za kawaida kwa wagonjwa. Picha inapoteza ishara kiasi, hilo lazima ulikubali. Lakini msije mkachukua waya wowote wa dukani mkauingiza kwenye mashine yenu kwa sababu mmesoma hapa, angalieni kibandiko kinasema nini, na kama ni cha masharti basi masharti ni tesla ngapi na nguvu kiasi gani.

Niko mafunzoni upande wa kupiga picha. Nimeona picha ya katheta yenye alama za chuma, doa jeusi lilikuwa kubwa kuliko katheta yenyewe mara kadhaa. Ni kosa la mpigaji? (Mwanafunzi)

Hapana, ni tabia ya ile alama. Wanavisha pete ndogo za oksaidi ya disprosiamu, ambayo inavuruga sumaku ya jirani yake, na damu iliyovurugwa inapoteza sauti, ndilo doa unaloliona. Doa sio pete, ni fujo ambayo pete imeisababisha, kwahiyo linakua ukiongeza tesla, linakua ukichelewesha muda wa kusikiliza mwangwi, na linabadilika katheta ikigeuka kuhusiana na sumaku kubwa.

Uzuri wake hakuna waya, hakuna joto la antena. Ubaya wake doa linafunika kile ulichokuja kukiangalia, ukuta wa mshipa uko chini ya doa, na kompyuta haijui kama ni katheta au ni damu tu iliyochafuka, jicho la mtu ndilo linaamua. Kuna njia ya katikati, saketi ndogo isiyo na waya wa nje iliyotuniwa kwenye sauti ya mashine, inang'arisha damu iliyo karibu nayo yenyewe. Mi nikichagulishwa kati ya doa jeusi na nukta nyeupe nachukua nyeupe kila siku.

Ni nesi. Moyo ukisimama mgonjwa yumo ndani? (Nesi wa usiku)

Mnamtoa. Mashine ya kushtua moyo ya kawaida haiingii chumba cha sumaku, kwahiyo mnaanza kukandamiza kifua huku meza inatoka na mnampeleka chumba cha pembeni ambacho kila kitu kimeshaandaliwa. Timu zinazofanya kazi hii zinalifanyia mazoezi na saa mkononi. Jua pia kwamba isiji (mchoro wa umeme wa moyo) ndani ya MRI inadanganya, damu inayotiririka ndani ya sumaku inazalisha umeme wake mdogo na wimbi la T, sehemu mojawapo ya mchoro huo, linavimba, kwahiyo usitegemee karatasi ile kuona dalili za awali za moyo kukosa damu, tegemea presha inayosomwa kwenye katheta. Na kelele zinapita desibeli 100, bila spika za masikioni daktari hakusikii hata umpigie ukelele.

Kama ni nzuri hivyo mbona eksirei bado inatawala? Na je, ile sumaku kubwa haiwezi kuivuta katheta yenyewe iende inakotakiwa, tukaacha kusukuma? (Mbishi)

Eksirei inatawala kwasababu ni rahisi, haraka, na vifaa vyake vimejaa kila rafu. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, alijipitishia mwenyewe mrija kwenye mshipa wa mkono kisha akatembea kwa miguu mpaka chumba cha eksirei kuthibitisha umefika moyoni (usijaribu), na akaja kupata Nobel 1956. Tangu siku ile katheta na eksirei wamekua pamoja kama mapacha, kila waya na kila puto vimebuniwa vionekane kwa miale. MRI imekuja juzi, vifaa vilivyoruhusiwa ni vichache, mtengenezaji hatengenezi kwa sababu wateja wachache, na wateja wachache kwa sababu hakuna vifaa. Picha zake za papohapo nazo mara nyingi ni 5 mpaka 10 kwa sekunde, kwa kupima presha zinatosha, kwa kupitisha waya kwenye mshipa mwembamba wa moyo unaodunda hazitoshi.

Kuhusu kuvuta, sumaku kubwa ya MRI haikusaidii kuvuta, katikati yake nguvu ni sawa kila upande na kitu hakivutwi popote. Ila inaweza kupindisha. Weka koili ndogo kwenye ncha, pitisha umeme wa betri, ile koili inageuka sumaku ndogo na sumaku kubwa inaizungusha ijilinganishe nayo, ncha inapinda. Ukibadilisha upande wa umeme inapinda kwingine, ukiweka koili tatu unaielekeza utakako. Watafiti wamelifanya, linapendeza kutazama. Isipokuwa umeme kwenye koili unaipasha moto, na waya wa kuupeleka ni mrefu, kwahiyo wanapitisha maji ya chumvi ndani ya katheta kuipoza ncha muda wote inapopinda.